Fataki za risasi za bunduki ya nusu otomatiki: namna ya kuchagua isiyojifyatua

Ukiwa uwanja wa shabaha, mtutu umeelekea kwenye tuta, koki bunduki ya aina ya AR-15 ikiwa na risasi moja kwenye magazini. Usifyatue. Itoe risasi hiyo taratibu, igeuze, uangalie kitako chake. Katikati ya fataki, kile kikombe kidogo cha kuwashia risasi, utakuta kidoti kilichobonyea, kidogo kuliko punje ya mtama. Kimepigwa na pini ya kufyatulia, na hakuna aliyegusa kifyatulio.

Kidoti hicho ndicho kinachotenganisha risasi za bunduki ya kukoki kwa mkono na za bunduki ya nusu otomatiki. Kwenye ya kukoki kwa mkono, pini imeshikwa na springi na haisogei mpaka mpigaji avute. Kwenye AR-15, M1 Garand, M14 na SKS nyingi, pini haina springi ya kuirudisha nyuma. Imo ndani ya bolti, yaani chuma kinachoisukuma risasi ndani na kuifungia, huru, ikitikisika. Bolti inaporuka mbele na kugota ghafla, pini inaendelea na safari yake kama abiria aliyesimama kwenye basi dereva anapokanyaga breki. Ikikuta fataki laini, au fataki iliyochomoza, risasi inajifyatua.

Inapojifyatua bolti ikiwa imeshafunga, unapata risasi ambayo hukuikusudia, na bunduki inaweza kuendelea na inayofuata. Inapojifyatua kabla bolti haijafunga, balaa ni kubwa zaidi: ganda halijashikiliwa na chuma pande zote, linapasuka, na gesi pamoja na vipande vinatoka kupitia tundu la magazini na kurudi upande wa uso wa mpigaji.

Waundaji wa bunduki wanalijua jambo hili tangu zamani. M1 Garand ina daraja la chuma ndani ya bodi linaloushika mkia wa pini mpaka bolti ianze kuzunguka kufunga. Lakini daraja huchakaa, na bolti ikishafunga pini iko huru kama kawaida. AR-15 ilipokuwa inajaribiwa na jeshi la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilibidi pini yake ipunguzwe uzito kwa sababu hiyo hiyo. Wewe mjazaji, unayejitengenezea risasi mwenyewe, unabaki na sehemu mbili mikononi mwako: ugumu wa fataki, na kina inapokaa. Mengine yote, pamoja na habari za kulenga vizuri, yanakuja baadaye.

(Sheria za kujaza risasi hutofautiana nchi kwa nchi, na pengine panahitajika kibali cha pekee hata kwa mwenye leseni ya bunduki. Hilo limalize kwanza.)

Ukubwa na aina

Fataki ya Boxer ina sehemu tatu: kikombe cha shaba, baruti ya kuwashia iliyokandamizwa ndani yake, na fuawe, yaani kipande kidogo chenye miguu kinachosimama juu ya baruti hiyo. Pini inapobonyeza kikombe, baruti inabanwa kati ya kikombe na fuawe, inawaka, na moto unapita kwenye tundu moja katikati ya ganda. Aina ya Berdan haina fuawe yake. Fuawe imechongwa kwenye ganda lenyewe, na matundu ya moto huwa mawili pembeni. Mjazaji wa nyumbani anatumia Boxer. Kichekesho ni kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na fataki yake ikatawala Marekani, na Berdan alikuwa Mmarekani na yake ikashika Ulaya.

Fataki ndogo ya bunduki ina kipenyo cha milimita 4.45 na kubwa milimita 5.33. Risasi za .223, 300 Blackout, 6.5 Grendel na .30 Carbine hutumia ndogo. .308 na .30-06 kwa kawaida hutumia kubwa, ingawa yapo maganda ya .308 yenye shimo dogo. Kwenye 7.62x39 usikisie kabisa: viwanda vingine hutoboa shimo dogo, vingine kubwa. Pima kila ganda unalookota.

Fataki za bastola achana nazo. Ndogo ya bastola inaingia vizuri kabisa kwenye shimo la ganda la .223, na hapo ndipo mtego ulipo, maana kikombe chake ni chembamba na laini. Kwenye presha ya .223, inayofika psi (pauni kwa inchi ya mraba) 55,000, kitatoboka. Na kabla ya hapo huenda pini inayoelea imeshaiwasha. Kubwa ya bastola ni fupi kuliko kubwa ya bunduki, kwa hiyo ikitiwa kwenye ganda la .308 inazama mno.

Ugumu wa kikombe

Unene wa kikombe ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kwa fataki ndogo za bunduki (CCI, Remington na Federal ni viwanda, namba ni aina ya fataki), CCI 400 na Remington 6½ zina takriban milimita 0.51. Federal 205 ina kama 0.57. CCI 450, CCI BR4, CCI 41 na Remington 7½ zinafika 0.64. Tofauti ya sehemu ya kumi na kitu ya milimita inaonekana si kitu, lakini ni robo nzima ya unene wa kikombe.

Hata hivyo unene si kila kitu. Fataki mbili zenye vikombe sawa zinaweza kutofautiana kwa wepesi wa kuwaka, kwa sababu ya ugumu wa shaba yenyewe, mchanganyiko wa baruti, na nafasi kati ya fuawe na kikombe. CCI 41 na CCI 450 zina kikombe cha unene mmoja; 41 imepangwa kwa pembe tofauti ya miguu ya fuawe ili ihitaji pigo zito zaidi. Hiyo 41 pamoja na kaka yake mkubwa, CCI 34 ya shimo kubwa, zimetengenezwa kufuata wepesi wa kuwaka unaotakiwa na jeshi kwa bunduki zenye pini inayoelea.

Kwa hiyo, kwa .223 na 5.56 kwenye AR-15, chaguo la kwanza ni CCI 41. Isipopatikana, CCI 450 au Remington 7½ zinafaa. Federal nayo hutoa GM205MAR, iliyokusudiwa bunduki za AR. CCI 400 wapo wengi wanaoitumia kwenye AR kwa risasi za nguvu ya wastani, lakini ukishakaribia kiwango cha juu cha jedwali la vipimo vya baruti, nafasi ya kukosea imebaki ndogo, na hakuna sababu ya kuitafuta. Remington 6½ usiitie kwenye .223 hata kidogo. Ilitengenezwa kwa risasi za presha ndogo kama .22 Hornet.

Kwa .308 kwenye M14 na AR kubwa, na .30-06 kwenye Garand, chukua CCI 34. CCI 200 inafuata. Federal 210M inapendwa sana na walenga shabaha, na wana haki kuipenda. Ila inajulikana kuwa nyepesi kuwaka. Mahali pake ni kwenye bunduki ya kukoki kwa mkono.

SKS ni ya kuogopwa zaidi ya zote hizi, kwa sababu pini yake ni nzito na nyingi hazina springi. Kwake ni 34 au 41 kulingana na shimo la ganda, bila mjadala.

Kuna upande wa pili wa shilingi. Ukishafunga kifyatulio laini cha mashindano chenye springi dhaifu ya nyundo, fataki ngumu zitaanza kugoma: pini inaacha alama nyepesi na risasi haiwaki. Watu wengi hapo hubadilisha fataki waweke laini zaidi. Ni kosa. Rudisha springi ya nyundo yenye nguvu kamili. Kifyatulio kitakuwa kizito kidogo, na ulinzi utabaki.

Ukibadilisha fataki, umebadilisha risasi

Fataki za kijeshi na za magnamu (za risasi zenye nguvu kubwa) zina moto mkali kuliko za kawaida. Kipimo cha baruti kilichokuwa salama na CCI 400 kinaweza kupandisha presha ukiweka 41 mahali pake. Ukibadilisha aina ya fataki, hata ya kiwanda kilekile, rudi kwenye kiwango cha kuanzia kilichoandikwa kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti au wa vichwa vya risasi, kisha panda polepole huku ukikagua maganda. Kipimo cha rafiki, au cha mtu usiyemjua, si jedwali.

Kina

Fataki bora kuliko zote, ikichomoza, ni hatari kuliko laini iliyokaa sawasawa. Kitako cha fataki kinatakiwa kiwe chini ya uso wa kitako cha ganda kwa milimita 0.08 hadi 0.13. Kuzidi kidogo si neno. Kuwa sawa na uso hakutoshi, na kuchomoza hata unywele mmoja ni kukataa.

Shimo la fataki ndogo lina kina cha milimita 2.97 hadi 3.12, la kubwa 3.18 hadi 3.35. Lisipofika kina hicho, fataki haitashuka hata ukiminya vipi. Sababu huwa tatu.

Ya kwanza ni masizi yaliyoganda chini ya shimo. Yakwangue kila mara, si pale unapokumbuka.

Ya pili ni pete ya kubania. Maganda ya kijeshi huwa yamekandamizwa kuizunguka fataki ili isitoke, na ukingo ule unabaki hata baada ya kuing'oa fataki ya zamani. Uangalie kwenye mwanga: utaona duara au vidoti vilivyoumana na mdomo wa shimo. Uondoe kwa kifaa cha kupanua kwa kusukuma, au kwa kichwa cha kukatia kinachozungushwa. Cha kusukuma ni bora kwa mkono usiozoea, kwa sababu cha kukatia kikizidi mizunguko miwili mitatu kinapanua mdomo na ganda linakuwa la kutupa. Ukiilazimisha fataki kupita kwenye ukingo huo, inakunjika pembeni, inakaa upande, na pengine inawaka mkononi.

Ya tatu ni shimo lililotoka kiwandani likiwa fupi. Kuna kifaa cha kulingania kina ambacho hukata mpaka kipimo kamili na kugota chenyewe.

Kutia fataki, kifaa cha mkono kinashinda mashine, kwa sababu kidole kinasikia. Minya taratibu, utasikia fataki ikiteleza na msuguano wa kadiri, kisha miguu ya fuawe inagusa chini, kisha unaongeza kidogo tu mpaka ikaze. Hicho kidogo cha mwisho kina kazi: kinaibana fuawe dhidi ya baruti. Fataki ambayo miguu yake haijagusa chini hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Inaweza kuwa imechomoza na kuwaka bolti inapofunga. Au pini ikiipiga, nguvu yote inaishia kuisukuma chini, risasi inagoma, na pigo la pili ndilo linaiwasha. Kwa hiyo risasi iliyowaka kwa pigo la pili ina habari juu ya mkono wako, si juu ya kiwanda.

Ikiingia kwa kidole bila nguvu, shimo limelegea. Tupa ganda hilo.

Ukimaliza, pitisha ncha ya kidole juu ya kila kitako. Unatakiwa usikie kabonde. Kisha egemeza rula ya chuma juu yake dhidi ya mwanga. Kwa kumi za kwanza za kila kundi, pima kwa mkia wa vernia, kile kipimo cha kuteleza. Iliyochomoza kwenye ganda tupu unaweza kuiminya tena polepole, miwani ya kinga ikiwa usoni. Iliyochomoza kwenye risasi iliyokwisha kujazwa usiiguse kwa kifaa chochote cha kuminya. Ng'oa kichwa, mwaga baruti, ndipo ushughulike na ganda.

Bega la ganda

Jambo hili linahusu fataki kwa sababu moja: ganda refu mno huizuia bolti isifunge, na pini inaendelea na safari. Kwa nusu otomatiki tumia dai (kifaa cha kulirudishia ganda umbo lake) inayobana ganda lote, wala si shingo peke yake, na urudishe bega, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, nyuma kwa milimita 0.08 hadi 0.13 ukilinganisha na ganda lililotoka kwenye bunduki ileile. Kwenye ya kukoki kwa mkono watu hurudisha milimita 0.03 hadi 0.05 tu ili ganda lidumu. Ukilihamishia zoea hilo kwenye nusu otomatiki unajitafutia taabu. Pitisha kila risasi iliyokamilika kwenye geji ya ganda. Isiyozama mpaka kwenye alama, isikaribie chemba, yaani chumba cha mtutu inamokaa risasi.

Bunduki yenyewe

Toa bolti, itikise karibu na sikio. Pini itagonga mbele na nyuma, tik, tik, bila kusita. Isiposikika, kuna grisi iliyoganda, kutu au kipande cha shaba kimeibana, na pini iliyobanwa ikiwa imetokeza mbele ni sawa na msumari: itapiga kila fataki itakayokuja. SKS zilizohifadhiwa ghalani miaka mingi hutoka na grisi nzito ndani ya tundu la pini. Ifungue bolti kabisa, ioshe kwa kiyeyushi, ikaushe, na usiweke mafuta mengi humo tena. Kwenye AR-15 pini ikisukumwa mpaka mwisho inatakiwa itokeze milimita 0.71 hadi 0.91. Ikizidi, ibadilishe.

Na usiiweke risasi kwenye chemba kwa mkono kisha ukaiachia bolti. Ikitoka kwenye magazini, bolti hupoteza kasi kwa kuing'oa na kuisukuma risasi; chemba ikiwa tayari ina risasi, bolti inashuka kwa kasi yote. Mpigaji anayetaka risasi moja moja aiweke kwenye magazini.

Kujaribu kundi jipya

Uwe uwanjani, mtutu kwenye tuta, miwani na vikinga masikio vimevaliwa, watu wote nyuma yako.

Weka risasi moja ya kiwandani kwenye magazini, iachie bolti iende yenyewe, itoe. Fanya vivyo hivyo na risasi zako tano, moja moja. Zipange sita zote vitako juu na ulinganishe vidoti. Vyako vikiwa sawa na cha kiwandani au vidogo kuliko hicho, endelea. Vikiwa na kina zaidi, simama; fataki ni laini au pini ina kasoro. Kila risasi ikokiwe mara moja tu kwa jaribio. Ile inayorudishwa chemba mara kwa mara hupigwa palepale kila mara, na kichwa chake nacho huanza kuzama ndani ya ganda na kupandisha presha.

Kisha piga: magazini yenye risasi moja, halafu yenye mbili. Bunduki ikijirudia yenyewe utakuwa umepoteza risasi moja, badala ya thelathini kuruka bila breki.

Okota maganda uyasome. Fataki iliyotoboka, yenye kitundu cheusi katikati, maana yake kikombe ni chembamba kwa presha hiyo, au ncha ya pini ina makovu. Gesi inayopita hapo huchoma uso wa bolti na kuipa pini makovu zaidi, na pini hiyo itatoboa hata fataki nzima. Kwa hiyo ibadilishe kabla ya kulaumu pakiti inayofuata. Fataki iliyobapa peke yake haisemi mengi. Fataki iliyodondoka nje ya ganda inasema shimo limelegea au presha imepita kiasi, na itafute mpaka uipate, kwa sababu hupenda kuingia chini ya kifyatulio cha AR na kuzuia bunduki isifanye kazi inavyotakiwa.

Risasi ikigoma, shikilia mtutu kwenye tuta kwa sekunde 30 kabla ya kufungua.

Mezani na kabatini

Fataki zikae kwenye pakiti zake, ambamo kila moja ina kijumba chake. Kuzimimina kwenye chupa au kopo ni kutengeneza bomu. Moja ikiwaka zote zinafuata kwa mkupuo. Sababu hiyo hiyo inafanya mrija wa kulishia kwenye mashine za kasi uhitaji ngao ya chuma, na uso wako ukae pembeni yake. Kabati liwe la mbao, pakavu, mbali na baruti na joto. Sanduku la chuma lisilopitisha hewa halifai.

Pakiti moja ya fataki mezani wakati mmoja, ya aina moja. Iliyodondoka sakafuni iokote kwa mkono, na unga uufute kwa kitambaa chenye maji, kamwe si kwa mashine ya kufyonza vumbi. Mafuta hayaui fataki kwa uhakika, kwa hiyo iliyolowa usiihesabu kuwa imekufa. Baruti yake kwa kawaida ina risasi, ile madini yenye sumu, na vumbi la kusafishia maganda limejaa mabaki yake: osha mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote, na usafishie maganda mahali ambapo watoto hawachezi.

Kwenye kila boksi la risasi ulizomaliza bandika aina ya fataki na namba ya kundi iliyopigwa kwenye pakiti. Siku tatu zikigoma mfululizo, au kidoti kimoja kikionekana kirefu kuliko vingine, utajua ni boksi zipi za kufungua na kung'oa.